Kumbukumbu za Kikao cha Februari

Mwenyekiti alisema: Katibu, andika mistari mitatu,
mitatu tu, juu ya marehemu, kisha tuendelee na ajenda.
Nimekaa na kalamu tangu saa mbili.
Mstari wa kwanza umekataa kukomea ulipoambiwa.

Orest Prystai, mkazi wa Halverton, mgane,
umri miaka sabini na tisa,
amefariki tarehe kumi na tisa Januari
katika baridi ya nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
baridi inayoiliza misumari ya nyumba usiku.

Miaka ishirini na miwili nimeandika jina lake humu
na karibu kila mara, baada yake, nimeandika: amepinga.
Orest amepinga bei ya taa mpya.
Orest amepinga maktaba kufungwa Jumamosi.
Orest ameuliza tena habari za kalvati la Barabara ya Tatu
(hilo tena nililipigia mstari mwenyewe, kwa hasira, chai yangu ikipoa).
Hakuwa mtu wa kupendeza kikaoni.
Alinuka tumbaku na grisi, alikohoa wenzake wakisema,
na mkono wake ulipoinuka sote tulitazama saa.

Lakini usiku.
Usiku, mji ukishajifunika hadi masikioni,
nilimwona kutoka dirishani kwangu, peke yake
katika uwanja wa watoto, kashika mpira wa maji
kama mtu anayemvuta ng'ombe mkaidi,
akirudi kinyumenyume, hatua, hatua,
akitandika maji juu ya barafu, tabaka juu ya tabaka,
kila moja nyembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa.
Mvuke ulimpanda hadi kofiani.
Asubuhi watoto walikuta kioo
wakadhani barafu huwa hivyo yenyewe.
Nasi watu wazima tulidhani hivyo hivyo.

Tulifungua kibanda chake kwa ufunguo uliokuwa msumarini,
nje, bila siri.
Ndani: jiwe la kunolea, benchi, pea thelathini na moja
za viatu vya kutelezea, vya watoto ambao sasa ni wazazi,
na daftari. Kushoto majina, kulia deni.
Binti wa Tillie Bergquist, kunoa, mara sita.
Mapacha wa Dimaculangan, waliofika juzi kutoka Manila, viatu, pea mbili.
Na katika safu ya malipo, ukurasa hadi ukurasa,
neno moja, kwa mwandiko wake unaoegemea nyuma:
Ameteleza.
Basi. Ameteleza. Deni limekwisha.

Ardhi ya huku haichimbiki Januari; sururu hudunda ikarudi.
Wafu wa majira ya baridi husubiri Mei
katika chumba cha matofali nyuma ya kanisa.
Kwa hiyo tanga letu halina siku ya kuanuliwa
na hatujui tuifanyie nini mikono yetu.

Jumanne usiku Rodel Dimaculangan alitoka na ndoo.
Akaja mwalimu. Akaja diwani Lorne Skaife,
aliyegombana na marehemu miaka kumi kwa ajili ya kalvati,
amevaa buti zisizofanana.
Tulimwaga maji kama watu wanaozima moto.
Barafu ikatoka na makunyanzi, na matuta,
na alama ya kiatu changu cha kushoto imeganda katikati.
Asubuhi mtoto mmoja akaanguka hapo hapo, akainuka, akaitazama,
akasema: Hii si ya Orest.

Hatukuwa na la kujibu.
Diwani alipiga magoti, akaikwangua alama yangu
kwa kisu cha mfukoni, mpaka vidole vikamwia vyeupe.

Ajenda ya nne: kalvati kuahirishwa hadi mwaka ujao.
Mwenyekiti ameuliza kama yupo anayepinga.
Kiti cha pembeni, karibu na hita, kilikuwa kitupu,
na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetazama saa.
Nimeiweka kalamu chini.
Nimeinua mkono.
Katibu amepinga.